Kozi za mtandaoni zinavyowakwamisha makinda wetu Marekani

Agosti 2023, pale Frisco, Texas, kila jicho lilikuwa kwa Lionel Messi. Akafunga mawili, Inter Miami wakatoka sare ya 4-4 na FC Dallas, kisha wakashinda kwa penalti. Kwa sisi wa huku bao la kukumbuka usiku ule lilikuwa lingine kabisa, lile lililopachikwa kuelekea mapumziko na winga wa Dallas, Bernard Kamungo. Kijana wa Kasulu, Kigoma, mzaliwa wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu.

Familia yake, yenye asili ya Kongo, ilihamia Abilene, Texas, mwaka 2016 akiwa na miaka 14. Akacheza timu ya shule ya serikali pale mjini, akaenda kwenye majaribio ya wazi ya North Texas SC, timu ya pili ya FC Dallas, na mwaka 2021 akapewa mkataba. Januari 2024 akavaa jezi ya timu ya taifa ya Marekani dhidi ya Slovenia.

Stori tamu. Shida yake ni kwamba inawadanganya watu. Wapo wazazi wengi wanaozungumza Kiswahili kule Marekani, na ndugu zao huku nyumbani, wanaodhani kinda akiwa na kipaji kinachobaki ni kujitokeza kwenye majaribio. Asikwambie mtu, wanaotoboa hivyo ni wa kuhesabu. Kijana ambaye hayumo kwenye akademi ya klabu ya MLS, njia yake ya kawaida ni kuchezea chuo. Chuoni alipita pia Handwalla Bwana, aliyezaliwa Kenya kwenye familia ya Kisomali iliyokimbia vita. Alisoma sekondari Seattle, akacheza Chuo Kikuu cha Washington, na Seattle Sounders wakamsajili mwaka 2018.

Sasa mlango wa chuo una bawabu wake. Anaitwa NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, na yeye haangalii chenga. Anaangalia matokeo ya darasani. Hapo ndipo kozi za mtandaoni zinapoingia kwenye habari za soka.

Kwanza tuelewane jinsi shule zao zinavyokwenda. Kule hakuna mtihani mmoja wa taifa kama wetu wa kidato cha nne unaoamua kila kitu. Mwanafunzi anakusanya krediti, somo kwa somo, kuanzia darasa la tisa hadi la 12. Ukifeli aljebra unakosa krediti ya aljebra, na bila hiyo huhitimu. Fikiria ligi: pointi ulizoangusha lazima uzipate mechi nyingine.

Na mechi hiyo nyingine siku hizi inachezwa kwenye kompyuta. Florida walianzisha shule ya serikali ya mtandaoni tangu 1997. Michigan mwaka 2006 ilikuwa jimbo la kwanza kuweka masomo ya mtandaoni kuwa sharti la kuhitimu sekondari, na mwaka 2013 ikapitisha sheria inayomruhusu mwanafunzi wa shule ya serikali kuchukua hadi kozi mbili kwa muhula kutoka kwa mtoaji wa nje, huku bili ikilipwa na wilaya ya shule yake. Majimbo mengine nayo yana mipango yao.

Kwa mwanafunzi mwanamichezo huu ni mchongo mzuri, tuseme ukweli. Shule yenu haina mwalimu wa fizikia? Unaipata nje. Kijana amefika Marekani na miaka 16, krediti alizonazo ni chache, wenzake wako mbele? Anasoma jioni na likizo anawafukuzia. Amefeli hisabati? Zipo kozi maalumu za kurudisha krediti, nyingine mtu anazimaliza kwa wiki chache akiwa kitandani na kompyuta mapajani.

Kimbembe kinaanzia hapo. Shule ikikubali krediti hiyo, kijana anapata cheti chake cha sekondari, familia inapiga picha, mambo safi. NCAA halazimiki kuikubali. Ni mechi moja yenye waamuzi wawili, na yule wa kwanza akisema bao, wa pili anaweza kulifuta.

Ukali huu una historia yake. Mliotazama filamu ya The Blind Side mnamfahamu Michael Oher, jitu la miraba minne la Memphis lililokuja kuchezea Baltimore Ravens kwenye ule mpira wao wa helmeti. Oher alimalizia sekondari kwenye shule ya binafsi, alama zake zikiwa chini mno kwa chuo. Alichosaidiwa nacho, kama kitabu kilichozaa filamu hiyo kinavyoeleza, ni kozi fupi za masafa za Chuo Kikuu cha Brigham Young cha Utah, ambazo alama zake zilifuta zile F za zamani. Ilikuwa halali wakati ule. Makocha wengi wakaijua njia hiyo, na NCAA nao wakaijua. Mwaka 2010 wakakaza sheria na kuacha kuzipokea kozi hizo. Mwaka 2014 wakashusha rungu lingine: shule 24 za mtandaoni zilizokuwa zikitumia mitaala ya kampuni ya K12 ziliondolewa kwenye orodha yao.

Hebu mfikirie mwanafunzi aliyekuwa kwenye mojawapo ya shule zile. Hakuibia mtihani, hakughushi kitu. Ameamka asubuhi, kozi anayosoma haihesabiki tena.

Wanachotaka NCAA si siri. Kozi iwe na mwalimu anayewasiliana na mwanafunzi mara kwa mara, anayefundisha, anayesahihisha, anayesaidia. Iwe na muda wake maalumu, na mwanafunzi aipite yote bila kuruka sura kwa sababu tu amefaulu jaribio la mwanzo. Kozi ya kurudishia krediti lazima iwe na uzito ule ule wa ile aliyofeli. Na iwemo kwenye orodha ya masomo yaliyoidhinishwa, ambayo kila shule ina ya kwake na yeyote anaweza kuitazama bure mtandaoni. Zile za kubofya majibu hadi yakubali, hakuna mwalimu, hakuna tarehe, hazipiti.

Kwa vijana wetu kuna mtego mwingine ambao sijui kwa nini hausemwi zaidi. Mtoto aliyetoka Nyarugusu au Kakuma hupangiwa darasa la Kiingereza kwa wageni. Shule inampa krediti. NCAA inahesabu yale ya ngazi ya juu tu, yanayolingana na Kiingereza cha kawaida cha darasa hilo. Kwa hiyo anaweza kuwa na miaka miwili ya Kiingereza kwenye karatasi ya shule, na kwa bawabu akawa na sifuri.

Hesabu yenyewe kwa daraja la kwanza la vyuo ni hii: masomo ya msingi 16, yakiwemo manne ya Kiingereza, matatu ya hisabati kuanzia aljebra na mawili ya sayansi, na wastani wa GPA usiopungua 2.3. Katika hayo 16, kumi yawe yamekwisha kabla ya muhula wa saba kuanza, yaani kabla ya mwaka wa mwisho, na saba kati ya hayo kumi yawe ya Kiingereza, hisabati au sayansi. Muhula wa saba ukishaanza, alama za yale kumi zimefungwa. Kwa kawaida huwezi kuyarudia kusafisha wastani. Akichelewa, anaruhusiwa somo moja tu la nyongeza ndani ya mwaka baada ya kuhitimu kwa wakati. Moja.

Ndiyo maana ule mtindo wa kumwambia kijana 'usijali, utamalizia mtandaoni' ni wa hatari. Nina mashaka na baadhi ya makocha wa shule hapa. Texas wana sheria maarufu ya 'hupasi huchezi': ukipata chini ya 70 kwenye somo unakaa benchi wiki tatu. Kocha anayewaza mechi ya Ijumaa atataka kijana apasi haraka, popote. Mechi ya Ijumaa na ufadhili wa chuo ni vitu viwili, na nani atakayemweleza hivyo mama anayefanya kazi usiku na kupokea barua za shule kwa lugha asiyoisoma?

Na hizo fedha zenyewe si nyingi. Kwa miaka mingi timu ya soka ya wanaume ya daraja la kwanza ilikuwa na fungu la ufadhili kamili 9.9 tu kwa kikosi kizima, kocha analikata vipande. Kocha akiwa na mawinga wawili wanaolingana, mmoja karatasi zake safi na mwingine ana kozi mbili zenye utata, unadhani ataanza kumpigia simu nani?

Kwa aliyekwama bado kuna pa kupita. Vyuo vya miaka miwili havidai yale masomo 16, na kijana anaweza kucheza huko kisha akahamia chuo kikubwa. NAIA ni chama kingine chenye masharti yake, na daraja la tatu la NCAA halina mchujo huu, ingawa halina pia ufadhili wa michezo. Hata hivyo vyote hivyo ni safari ndefu zaidi kwa mtu ambaye kasi yake ya miaka 18 haimsubiri.

Kama una mpwa, mdogo wako au mtoto wa jirani kule anayecheza, swali la kumpa ni fupi, na alipeleke kwa mwalimu mshauri wa shule kabla hajajisajili: kozi hii ya mtandaoni, kutoka kwa mtoaji huyu, imo kwenye orodha ya NCAA? Jibu lije kwa maandishi. 'Tunaikubali sisi' si jibu la swali hilo.

Na aulize mapema. Kule Texas ligi ya soka ya shule huanza Januari, wakati muhula wa saba umeshaanza tangu Agosti. Kocha wa chuo anayekuja kukaa jukwaani kumtazama winga wa mwaka wa mwisho anamkuta masomo yake kumi ya kwanza yameshafungwa miezi mitano nyuma.