Antivairasi Nyepesi, Nyepesi kwa Nani?

Laptopu iliyopo katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, Mombasa au Mwanza haikununuliwa mpya. Ni ya mtumba, ilitumika kwanza katika ofisi fulani ng'ambo, ina RAM ya GB 4, diski yake bado ni ile ya kuzunguka, na ndani yake kuna Windows 10. Mwenye nayo anapomuuliza fundi amwekee antivairasi gani, sifa ya kwanza anayoitaja ni wepesi. Ana haki. Antivairasi inayofanya faili la Word lichukue dakika nzima kufunguka itazimwa kabla wiki haijaisha, na ikishazimwa haimlindi mtu.

Tatizo ni kwamba uzito wa antivairasi haukai mahali pamoja. Upo kwenye RAM, upo kwenye prosesa, upo kwenye diski, na kwa sisi tunaonunua intaneti kwa vipimo, upo kwenye bando pia. Programu inaweza kuonekana nyepesi kwenye RAM kwa sababu tu sehemu ya kazi yake imepelekwa kwingine. Hilo halielezwi kwenye boksi, na kwa matumizi ya nyumba zetu ndilo jambo la kuangaliwa kuliko yote.

Kuelewa kazi hiyo imehamia wapi, turudi mwanzo. Brain, kirusi cha kwanza kuenea kwenye kompyuta za aina ya IBM PC, kilitengenezwa Lahore, Pakistan, mwaka 1986, kikasambaa kwa disketi zilizopita mkono hadi mkono. Virusi vilikuwa vichache, hivyo antivairasi za enzi zile zilibeba orodha ya alama za kila kirusi na kulinganisha mafaili yako na orodha hiyo. Leo maabara ya AV-TEST, iliyoko Magdeburg, Ujerumani, husajili kila siku zaidi ya programu mpya 450,000 zilizo hatari au zisizotakiwa. Hakuna laptopu ya GB 4 itakayobeba orodha hiyo ikabaki na pumzi. Kampuni zikahamishia sehemu kubwa ya maarifa kwenye seva zao. Faili geni linapofunguliwa, antivairasi hutuma alama yake kwenye seva, hungoja jibu, kisha huruhusu au huzuia. Ni kama mlinzi wa getini anayempigia simu mwenye nyumba kila afikapo mgeni asiyemfahamu: salio likiisha, anabaki kukisia.

Maabara nyingine inayoaminika, AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, hupima uwezo wa antivairasi kutambua virusi mara mbili: kompyuta ikiwa mtandaoni na ikiwa nje ya mtandao. Tofauti huwa kubwa kwa baadhi ya programu. Microsoft Defender, ile inayokuja na Windows, hufanya vizuri sana ikiwa na intaneti, lakini katika vipimo hivyo imekuwa ikishuka zaidi ya Bitdefender ya Romania pale mtandao unapokatwa. Kwa mtu wa Innsbruck mwenye intaneti ya kudumu, hiyo ni habari ndogo. Kwa mwalimu wa Tunduru anayewasha mtandao wa simu mara moja kwa siku ili atume barua pepe, kisha anapokea flashi za wanafunzi mchana kutwa, ni habari kubwa.

Flashi ndiyo njia ambayo virusi vingi huingia majumbani kwetu. Unaipeleka steshenari kuchapisha kazi, inachomekwa kwenye kompyuta iliyokwisha kupokea flashi za mtaa mzima, inarudi na kirusi kilichoficha folda zako na kuweka njia za mkato zenye majina yaleyale. Ukibofya njia ya mkato, folda inafunguka kama kawaida, na kirusi nacho kimeanza kazi. Tangu mwaka 2011 Windows haikubali tena programu kujiwasha yenyewe kutoka kwenye flashi, kwa hiyo kirusi cha namna hii kinahitaji mbofyo wako. Ukiona folda imegeuka njia ya mkato, usiiguse. Iskani flashi nzima kwanza. Mara nyingi mafaili yako bado yamo, yamefichwa tu.

Ushauri wangu basi unafuata maisha ya kompyuta yenyewe. Kama ina intaneti kila siku, baki na Defender. Imekuwamo ndani ya Windows kama antivairasi kamili tangu Windows 8 ya mwaka 2012, haidai malipo wala kukuletea matangazo ya kununua toleo kubwa zaidi, na katika vipimo vya AV-TEST vya miaka ya karibuni alama zake zimekuwa zikikaribia au kufikia 18, ambazo ndizo za juu kabisa. Kama kompyuta hukaa siku nyingi bila mtandao na hupokea flashi za watu, tafuta yenye nguvu nje ya mtandao. Bitdefender ina toleo la bure, ingawa kwenye GB 4 utauhisi uzito wake. ESET ya Slovakia ni ya kulipia, na imejijengea jina la wepesi kwa miaka mingi. Chagua moja tu. Ukiweka antivairasi nyingine, Defender hujiondoa yenyewe kwenye ulinzi wa papo kwa papo, lakini mbili za kununua zikikaa pamoja zitagombania kila faili na kompyuta itakwama.

Matokeo ya maabara kuhusu wepesi yasome kwa tahadhari. Kompyuta ambayo AV-Comparatives huiita ya hali ya chini ina RAM ya GB 8 na diski ya SSD, ile isiyozunguka. Yako ina nusu ya RAM hiyo na diski inayozunguka. Ipime mwenyewe: fungua Task Manager, fanya kazi zako za kawaida, utazame safu ya diski. Ikigonga asilimia 100 na kubaki hapo, kinachokulemea ni diski, na kubadilisha antivairasi hakutasaidia sana. Fedha za leseni ya mwaka ziweke kando hadi upate SSD ndogo ya GB 240, na tofauti utaiona siku hiyohiyo. Ukaguzi wa kompyuta nzima nao uanzishe wakati wa chakula cha mchana, si wakati unaandika ripoti.

Antivairasi za bure za kampuni nyingine zinahitaji kuulizwa zinaishije. Mwaka 2020 ilifichuka kwamba Avast, kupitia kampuni yake tanzu ya Jumpshot, ilikuwa ikiuza taarifa za tovuti walizotembelea watumiaji wake. Jumpshot ikafungwa, na mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikaitoza Avast dola milioni 16.5. Watu waliopaswa kulindwa ndio waliouzwa, na sioni namna ya kulichukulia hilo kwa wepesi. Ujue pia kuwa Avast, AVG, Avira na Norton leo zote zinamilikiwa na Gen Digital. Kuhama kutoka moja kwenda nyingine ni kubadilisha chumba ndani ya nyumba ileile.

Sasa kraki, yaani kifaa cha kuvunja kufuli la leseni ya programu. Kuna watu wanaofungua Office au programu ya kuhariri video kwa kraki waliyopewa, na maelekezo yanayokuja nayo huanza na sharti moja: zima antivairasi kwanza. Sharti hilo pekee lingetosha kukuonya. STOP, kirusi kinachofunga mafaili na kudai fidia, kimeenea duniani hasa kwa kujificha ndani ya kraki za aina hii, na walioumia zaidi ni watu wa nyumbani: picha za harusi, tasnifu, hesabu za duka. Hakuna antivairasi, ya bure au ya kulipia, itakayomlinda aliyeizima kwa mkono wake. LibreOffice ni ya bure, ni halali, na inaandika barua na kupiga hesabu bila shida. Leseni za antivairasi zilizokrakiwa ndizo mbaya kuliko zote, maana humpa mgeni ufunguo wa kila mlango wa kompyuta yako.

Lipo pia suala la Windows 10 yenyewe. Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Defender ndani yake itaendelea kupokea alama mpya za virusi hadi Oktoba 2028, lakini mianya ya Windows yenyewe haizibwi tena, isipokuwa kwa waliojiunga na mpango wa masasisho ya ziada. Madhara ya mwanya ulioachwa wazi tuliyaona Mei 2017: WannaCry ilifunga zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi zipatazo 150 kwa kupitia mwanya ambao Microsoft ilikuwa imetoa kiraka chake tangu Machi mwaka huohuo. Wengi wa walioumia hawakuwa wamekiweka. Antivairasi juu ya mfumo usiosasishwa inafanya nusu ya kazi. Kompyuta yako ikiwa haikubali Windows 11, jiunge na mpango huo, au kama unaitumia kwa kivinjari na barua tu, muombe fundi akuwekee Linux Mint.

Bando nalo lina mtego wake. Wengi tumeiambia Windows kwamba mtandao wa simu ni wa kulipia kwa kipimo ili isimalize data. Ni busara, lakini mpangilio huo huchelewesha masasisho, na Defender yenye alama za mwezi uliopita haina macho ya kuona vya wiki hii. Sasisha mwenyewe, hata mara moja kila baada ya siku chache. Asiye na mtandao nyumbani anaweza kupakua faili la masasisho ya Defender kutoka tovuti ya Microsoft akiwa kazini, linazidi megabaiti 100, na kulileta kwa flashi iliyo safi.

Kwa hiyo leo, kabla hujanunua wala kupakua chochote, fungua Windows Security uangalie tarehe ambayo ulinzi wako ulisasishwa mara ya mwisho. Ikiwa imepita wiki, weka bando usasishe kwanza. Kisha nakili picha na nyaraka zako kwenye diski ya nje, uichomoe, uiweke kabatini.