Vita vya Waterloo vilikuwa 'nice'

Juni 19, 1815, Thomas Creevey, mwanasiasa wa Kiingereza aliyekuwa akiishi Brussels, alisimama mbele ya nyumba ya Jenerali Wellington. Jenerali akamwona kutoka dirishani, akamwita kwa kidole. Jana yake tu alikuwa amemshinda Napoleon pale Waterloo. Creevey alipopanda juu alimkuta hatulii, anatembea chumbani, anataja idadi ya askari waliopotea, wala hakuwa na dalili ya furaha ya ushindi. Kisha Wellington akaapa na kusema vita vile vilikuwa 'nice'.

Neno hilohilo tunaloandika chini ya picha ya keki! Waliouawa na kujeruhiwa siku ile walipita 40,000.

Wellington alimaanisha chupuchupu: ushindi ulining'inia kwenye unywele. Papo hapo akaongeza maneno mengine ya kueleza hivyo. Alikuwa anasisitiza tu, au alishahisi kwamba neno limeanza kulegea?

Shina lake ni Kilatini, nescius, asiyejua. Wafaransa wakamwita hivyo mpumbavu, na Waingereza walipolipokea, mnamo 1300, lilikuwa bado tusi. Baadaye likamfaa mtu wa anasa, kisha mchaguzi, kisha mwenye jicho la kuona tofauti ndogo kabisa. Mpumbavu aligeukaje kuwa makini?

Niliyemwamini zaidi hapa ni William Craigie, Mskoti wa Dundee aliyehariri herufi N ya kamusi kubwa ya Oxford mwanzoni mwa karne ya 20. Kazi yake ilikuwa vikaratasi: sentensi moja, kitabu ilimotoka, mwaka wake. Wasomaji wa kujitolea walivileta kwa maelfu, naye akavipanga kwa maana na kwa miaka, kila kimoja mahali pake. Alipofika kwenye 'nice' akaandika, bila kuzungukazunguka, kwamba namna maana hizo zilivyoachana haiko wazi. Akaongeza kuwa katika mifano mingi ya karne ya 16 na 17 ni vigumu kujua mwandishi alikusudia ipi. Mtu analipwa kuamua, na anakataa kubahatisha. Nimempenda kwa hilo.

Samuel Johnson, katika kamusi yake ya 1755, hana kabisa ile maana ya leo, ya kupendeza. Lakini Jane Austen, katika Northanger Abbey iliyotoka mwishoni mwa 1817, anaye msichana, Catherine, anayeisifu riwaya kwa neno hilo. Kijana Henry Tilney anamkejeli: labda anasifu jinsi kitabu kilivyojalidiwa. Dada yake Henry ndiye anayemnyamazisha, tena kwa neno lilelile kwa maana yake ya kale: kaka yangu, kuchagua kwako maneno kumeizidi busara yako.

Hapo angalau tunajua nani alimaanisha nini. Waandishi wale wa karne ya 16, je, wenyewe walielewana?