Unasaka maziwa freshi mtaani? Muulizie ng'ombe kwanza

Kama unaishi Nairobi na unataka maziwa ambayo hayajapitia kiwandani, angalia saa kwanza. Ng'ombe wengi hukamwa alfajiri na jioni, kwa hivyo hapo ndipo maziwa huingia mtaani. Muuzaji akikuapia saa nane mchana kwamba yametoka kukamwa sasa hivi, muulize ni ng'ombe gani huyo. Yale ya ATM ni poa, lakini kwa kawaida huwa yashapashwa moto kuua viini. Si hayo unayosaka.

Mimi somo hili nililipia. Nilipoacha chuo (karo, stori ya siku nyingine) nilianza kuuza mala. Siku moja nikapata lita 20 kwa bei ya kuteleza. Nikachemsha, nikapoza, nikatia mala ya jana kidogo, nikafunika. Kesho yake maziwa bado ni maziwa, hayajaganda hata kidogo. Wateja wanangoja, pesa ya rent iko ndani ya ndoo. Nilidhani nimerogwa, walahi.

Kumbe ng'ombe alikuwa anadungwa antibiotiki za ugonjwa wa kiwele. Dawa hiyo hubaki kwenye maziwa kwa siku kadhaa na huua bakteria wanaogandisha mala. Kuchemsha hakuiondoi.

Ndiyo maana nakwambia, panda matatu uende Ruiru, Kiambu ama Limuru ukamwone huyo ng'ombe. Uliza amedungwa lini mara ya mwisho. Mfugaji akikasirishwa na swali hilo, shukuru, urudi stage. Angalia pia chombo: mtungi wa alumini husafishika vizuri kuliko jerikeni la plastiki. Kama unanunua mengi, beba laktomita. Maziwa yakiwa yamepoa, isome. Ikiwa chini ya 27, shuku maji. Usipime yakiwa bado moto ya kiwele, itakudanganya.

Na ukifika kwa keja, chemsha. Hata kama umemwona ng'ombe na macho yako. Brusela haionekani, na ikikushika ni homa, jasho na maumivu ya viungo, huku ukimeza dawa za malaria bure.

Siku hizi nachukua kwa shosho mmoja upande wa Ruiru. Ng'ombe wake akiwa kwa dawa hunipigia: "Mjukuu, wiki hii usikuje."

Wiki hiyo siuzi mala.