Wasichana wangapi walianza, wangapi walifika?

Mwisho wa mwaka wa masomo direkta husimama mbele ya wazazi na kusoma matokeo. Akisema "asilimia mia moja", tunapiga vigelegele. Ni vizuri. Lakini wamama, asilimia mia moja ya watoto wangapi?

Tupige hesabu, kwa mfano tu, ya shule ndogo ya serikali. Septemba darasa la 8 limeandika watoto 20: wasichana 11, wavulana 9. Siku ya TENASOSP wanafika 12, na wote wanapita. Shule inatangaza 100%. Ukihesabu kutoka wale 20, ni 60%. Tena kati ya wale 12, wasichana ni 4 tu. Saba wametoka katikati ya mwaka, na hakuna hata mmoja aliyeanguka mtihani! Matokeo hayawaonyeshi. Daftari la kuita majina ndilo linawaonyesha, mwezi kwa mwezi.

Sheria ya 2014 iliweka darasa la 7 na la 8 ndani ya elimu ya msingi. Lakini masomo ya bure yaliyoanza Septemba 2019 ni ya madarasa 6 ya kwanza. Mtoto akiingia la 7, pesa ya shule inarudi, na ikipungua nyumbani, tunajua wenyewe nani anaambiwa angoje kwanza. Hapo tusimlaumu direkta peke yake.

Tena tusiwe wepesi kumhukumu mwalimu. Katika darasa la watoto 8, mtoto mmoja ni 12,5%. Mwaka jana wamepita wote, mwaka huu 7: matokeo yameshuka hadi 87,5%, kumbe mmoja aliugua malaria juma la mtihani. Afadhali kulinganisha miaka mitatu au minne. Na katika shule ndogo hivyo, kusema mkutanoni "msichana mmoja ameanguka" ni kama kutaja jina lake. Hayo yaulizwe ofisini, kwa sauti ya chini.

Kwenye mkutano ujao wa komite ya wazazi tuombe hesabu tatu: walioandikwa Septemba, waliofanya mtihani, waliopita, wasichana mbali na wavulana mbali. Na kwa msichana aliyeacha kuja, mama wawili waende kwao mapema, kabla ya Pasaka, wajue kama ni pesa, mimba au kazi za nyumbani.