Jeraha la Mberoshi

Juma lililopita tulikuwa Konza, pale reli ya Magadi inapogawanyika na ile ya Mombasa, tukautazama ua wa miberoshi, miti ambayo wengi wetu huiita saipresi. Mmoja ulikuwa umefungwa waya wa kamba ya mbuzi, mpaka gome likakatika. Utomvu ulikuwa umetiririka na kuganda, rangi yake kama asali.

“Unalia,” akasema mtoto mmoja. La, mti ule haukuwa unalia, ulikuwa unapigana. Utomvu huziba jeraha, na mdudu atoboaye gome hunaswa humo au husukumwa nje.

Hata hivyo mti haponi kama sisi. Ngozi yetu ikichanika, nyama mpya hujaa mahali palepale. Mti hauwezi kufanya hivyo. Sehemu iliyoumia huizungushia kuta ndani kwa ndani ili uozo usienee, kisha gome jipya hutambaa kutoka kandokando, mwaka baada ya mwaka, hata kingo zikutane. Upasue mti huo baada ya miaka thelathini, nawe utalikuta jeraha lilelile ndani. Kwa hiyo matope na lami tunayopaka (nasi tumepaka sana!) haifai kitu. Afadhali kuufungua waya.

Lakini yuko adui ambaye utomvu haumwezi. Kidukari cha mberoshi kilionekana Malawi mwaka 1986, kikafika Kenya mwaka 1990. Hakitafuni gome, hufyonza maji ya mti kwa mrija mwembamba, na mate yake ni sumu kwa tawi. Wengi tunakumbuka nyua zilivyogeuka rangi ya kutu, matawi yamepakwa weusi kama masizi. Mberoshi wenyewe ni mgeni kutoka Mexico na Amerika ya Kati, na kidukari ni mgeni wa kwingine, wakakutana kwetu. Wataalamu wakatafuta nyigu mdogo sana, atagaye yai ndani ya mwili wa kidukari, wakamwachilia Malawi mwaka 1994, na baadaye akaletwa Kenya pia.

Wenye ua ule wa Konza walitaka kuung'oa wote, kwa kuwa baadhi ya miti ilikuwa imekauka. Tukawaomba kwanza wakwaruze gome kwa ukucha, mti kwa mti, maana tawi la mberoshi likikauka halichipui tena, bali penye ubichi pana uhai. Wa tatu kutoka langoni ulikuwa mkavu kabisa. Ule wenye waya ulikuwa mbichi.