Taa ya presha ikiwaka: ni sensa au ni injini?

Katapila linapozimwa katikati ya kazi kwa sababu ya taa nyekundu ya presha ya oili, hasara huanza kuhesabiwa papo hapo. Malori yanapanga foleni, dereva anakaa kivulini, na mwenye mashine hachoki kupiga simu. Ni katika haraka hiyo ndipo uamuzi wa gharama kubwa hufanywa. Fundi mmoja atasema sensa imekufa, ibadilishwe, kazi iendelee. Mwingine ataanza kufungua injini. Wote wawili wanaweza kuwa wamekosea, ila kosa la yule wa kwanza ndilo linaloua injini.

Sensa inayozungumziwa hapa si ile ya kuhesabu watu. Ni kifaa kidogo cha kuenea kiganjani, kilichokazwa kwenye mwili wa injini. Katika sensa za aina iliyoenea sana, ndani mna kiwambo chembamba cha silikoni kinachopindika kinaposukumwa na presha. Silikoni ikibanwa hubadili ukinzani wake wa umeme, tabia iliyoelezwa na mwanafizikia wa Marekani, Charles Smith, mwaka 1954. Kwa kawaida sensa ya namna hii ina nyaya tatu. Mmoja huleta volti 5 kutoka kompyuta ya injini, wa pili hurudisha umeme kwenye hasi, na wa tatu hupeleka habari. Pasipo presha, waya wa habari huonyesha karibu nusu volti. Presha ikifika ukomo wa kipimo cha sensa, huonyesha karibu volti 4 na nusu. Nafasi iliyobaki chini na juu imeachwa makusudi. Sensa nzima haifiki sifuri wala 5, hivyo kompyuta ikikuta volti za namna hiyo hutambua kwamba kilichoharibika ni umeme, wala si presha.

Hapo ndipo namba za kasoro zinapokuwa na maana. Mashine nyingi nzito za leo hutumia utaratibu wa mawasiliano uitwao J1939, uliowekwa na SAE, jumuiya ya wahandisi wa magari yenye asili ya Marekani. Kasoro huandikwa kwa namba mbili. Ya kwanza, SPN, hutaja kinachopimwa: 100 ni presha ya oili ya injini, 102 ni ya hewa inayosukumwa na turbo, 157 ni ya dizeli katika bomba kuu la nozeli. Ya pili, FMI, hutaja aina ya kasoro, na hii ndiyo inayopuuzwa mno. FMI 3 ni volti iliyopita mpaka wa juu, 4 ni volti iliyoshuka chini ya mpaka, 5 ni njia ya umeme iliyokatika. Zote hizo ni habari za umeme. Lakini FMI 1 ni jambo jingine kabisa: kompyuta inasema kwamba taarifa ya sensa inaaminika, na presha yenyewe iko chini mno. Anayeona 100 na 1, kisha akakimbilia dukani kununua sensa, amesoma nusu ya barua.

Kuna kipimo kingine kisichogharimu hata senti. Swichi huwashwa bila kupiga stata, baada ya injini kutulia. Presha ya oili sharti isome sifuri. Sensa ya turbo, ambayo aghalabu hupima presha kamili pamoja na ya angahewa, sharti ilingane na sensa ya angahewa ya mashine hiyo hiyo. Dar es Salaam au Muscat, kando ya bahari, zote mbili zitaonyesha kilopaskali 101 hivi. Kolwezi, kwenye machimbo ya shaba na kobalti ya Kongo, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, zitaonyesha karibu 86. Moja ikisema 86 na nyingine 130 ilhali injini imelala, moja kati yao inadanganya. Ila vioo vya baadhi ya mashine huonyesha tu kile kilichoongezwa na turbo. Hapo sifuri ndilo jibu sahihi.

Hata hivyo, namba si kiapo. Sensa inaweza kupoteza usahihi huku volti zake zikibaki ndani ya mipaka, na kompyuta ikauamini uongo huo. Kinachokata shauri ni chombo cha kizamani: geji ya mshale, isiyohitaji waya wala kompyuta. Inashangaza jinsi karakana yenye kompyuta ya kusomea kasoro inavyoweza kukosa geji hii. Kwanza hutazamwa kiasi cha oili. Kisha geji hufungwa mahali pa sensa, au kwenye tundu jingine la njia kuu ya oili, na injini huwashwa kwa muda, hadi oili ipate moto, kwa kuwa oili baridi ni nzito na huficha uchakavu. Vipimo vya mzunguko wa chini na wa juu hulinganishwa na kitabu cha mtengenezaji.

Geji ikionyesha presha ndogo tangu mwanzo, injini izimwe mara moja, na sensa haina hatia. Huenda oili imechanganyika na dizeli, jambo ambalo pua huweza kulitambua kwenye kijiti cha kupimia. Huenda chujio la kunyonyea limeziba, vali ya kupunguza presha imekwama ikiwa wazi, au beringi za kranki zimelika. Kubadilisha sensa hapo ni kumfukuza mjumbe.

Geji ikionyesha presha nzuri, zamu ni ya nyaya, na nyaya hushukiwa kabla ya sensa. Mtikisiko huzisugua kwenye chuma, na maji ya kuoshea mashine huingia kwenye soketi. Fundi huchomoa soketi na kupima kama volti 5 zinafika. Zisipofika, kosa liko kwingine, na mara nyingi liko mbali: sensa kadhaa hugawana volti hizo, hivyo moja iliyopiga shoti huziangusha zote, na kioo hujaa kasoro. Dawa yake ni kuzichomoa moja moja mpaka volti zirudi. Kutoboa ganda la waya ili kupima ni tabia mbaya. Tundu hilo hunywa maji, na baada ya miezi waya huoza ndani.

Kuazima sensa ya mashine nyingine kunahitaji hadhari pia. Nati na soketi zinaweza kufanana ilhali moja imetengenezwa kwa baa 7 na nyingine kwa baa 10, na kioo kikaonyesha namba ya kuridhisha isiyo ya kweli.

Bomba kuu la dizeli lina sheria yake. Presha humo huweza kupita baa 1,600, zaidi ya mara 150 ya ile ya tairi la lori. Halifunguliwi injini ikiwa inaunguruma, na uvujaji hautafutwi kwa mkono. Hutumika kipande cha kadibodi. Dizeli ikipenya ngozini, kidonda huweza kuonekana kama tundu la sindano, lakini mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, kwani huhitaji daktari wa upasuaji.