Sange: radar inapimaje mwendo wa lori, na nishati inatoka wapi?

Tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka Sange, kwenye barabara ya kitaifa namba 5 inayounganisha Uvira na Bukavu. Wakaaji walikwenda kuchota mafuta yaliyomwagika. Wengine walikuwa karibu wakitazama mechi ya Kombe la Dunia. Moto ulipolipuka, watu zaidi ya 230 walipoteza maisha.

Moto ule ulitoka ndani ya mafuta. Lakini kwenye barabara inayopita katikati ya nyumba, hatari huanza na mwendo, na mwendo unaweza kupimwa kwa radar.

Kanuni yake ilielezwa mwaka 1842 na Christian Doppler, mwanafizikia wa Austria. Kwenye sauti, kila mkaaji wa kando ya barabara anaijua: mlio wa pikipiki inayokuja ni mwembamba, ikishapita unakuwa mzito. Mwanga nao hufanya hivyo, pamoja na mawimbi ya redio, ambayo ni ndugu zake.

Radar ya barabarani inaweza kutuma mawimbi yanayotikisika mara miliari 24 kwa sekunde. Yakigonga lori linalokuja kwa kilomita 60 kwa saa, yanarudi yakiwa na mitikisiko kama 2.700 zaidi kwa sekunde. Lori likija kwa kilomita 30, nyongeza hiyo ni nusu. Mashine inasoma tofauti hiyo na kuandika mwendo.

Hapo panazuka swali. Mawimbi yanayotikisika haraka zaidi hubeba nishati zaidi katika kila chembe yake. Kama yamerudi na nishati kuliko yaliyoondoka nayo, nyongeza imetoka wapi?

Imetoka kwenye lori lenyewe. Mawimbi yanapoligonga huliisukuma nyuma kidogo sana, nalo hupoteza kiasi kilekile walichopata mawimbi. Lori likiwa linaondoka, mambo hugeuka: mawimbi hulisukuma mbele na kurudi na nishati pungufu. Dereva hawezi kuhisi msukumo huo, lakini jumla ya nishati haibadiliki.

Sheria hiyohiyo inatawala breki. Nishati ya mwendo huongezeka kwa mraba wa kasi: lori linalokwenda kilomita 60 lina nishati mara nne ya lile linalokwenda 30 likiwa na mzigo uleule. Dereva akipunguza kutoka 60 hadi 30 kabla ya kuingia kijijini, robo tatu ya nishati hiyo inaondoka, sehemu kubwa ikigeuka joto kwenye breki.

Asipopunguza, nishati hiyo yote inaingia naye katikati ya watu. Akigonga, itaishia kwenye vyuma vinavyokunjika, kuta na miili ya wapita njia.